Kisu cha Mkono (3): Mpini wa Pembe ya Mamothi

Wiki iliyopita tuliliacha bamba la kisu limeshapita motoni, limechovywa kwenye mafuta, kisha limeokwa kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa mbili hadi likapata rangi ya majani makavu. Chuma kimeshika ugumu, na wepesi wake wa kukatika umepungua. Umebaki mpini. Ukiwa wa mti, fundi anaweza kuumaliza kwa siku chache. Ukiwa wa pembe iliyofukuliwa ardhini, kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza.

Mamothi alikuwa jamaa wa tembo, mwenye manyoya marefu, aliyeishi nchi za kaskazini enzi za barafu. Wengi walitoweka yapata miaka 10,000 iliyopita, na wa mwisho walidumu katika kisiwa cha Wrangel, juu ya Siberia, hadi miaka kama 4,000 iliyopita. Ardhi ya huko imeganda mwaka mzima, ikazitunza pembe zao. Kila kiangazi kingo za mito ya Yakutia, Urusi, hubomoka na pembe kujitokeza; Alaska nako wachimba dhahabu huzikuta kwenye matope. Sokoni huitwa visukuku, lakini nyingi hazijageuka jiwe. Bado ni jino, lenye kolajeni na madini yake, na ndiyo maana msumeno huzikata.

Kilichobadilika ni rangi. Madini ya udongo hupenya taratibu katika tabaka la nje, ambalo mafundi huliita gome, na kulitia kahawia, kijani, au rangi ya asali. Mara chache hutokea buluu: fosfeti ya jino ikikutana na chuma mahali penye maji yasiyo na hewa, huzaliwa madini yaitwayo vivianaiti. Gome la namna hiyo hununuliwa kwa bei kubwa, nami sishangai, kwa maana hakuna rangi ya dukani inayoufikia uzuri wake.

Sasa tuingie karakanani. Pembe hukua kwa tabaka, kama pia zilizochomekwa moja ndani ya nyingine, na ikikauka kwa haraka hupasuka kwa kufuata tabaka hizo. Basi fundi mwangalifu hukata vipande viwili vya unene wa milimita sita hadi nane, kimoja kwa kila upande wa msuka (mkia wa bamba unaoshikwa na mpini), akaviweka rafuni mbali na jua na jiko, akaviacha miezi mingi vizoee hewa ya hapo. Nyufa nyembamba zilizokwisha kuwapo huzibwa kwa supagluu nyepesi kabisa: tone moja likiwekwa juu ya ufa, hunywewa lenyewe hadi ndani.

Adui mkubwa ni joto. Drili inayotoboa matundu ya pini za kushikiza vipande kwenye msuka hutembezwa polepole, ikitolewa kila mara ili kutema unga na kupoa. Harufu ya jino linalochongwa kwa daktari ikisikika, fundi husimama hapo hapo, kwani ufa huwa umekaribia, hata kama jicho halijauona. Tundu lenyewe hutobolewa likiwa kubwa kidogo kuliko pini. Sababu ni kwamba pembe hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, hivyo hutanuka na kusinyaa, ilhali msuka wa chuma haubadiliki kwa unyevu. Pini ikibana sana, kitakachoshindwa ni pembe. Kwa sababu hiyo hiyo pini hizi hazigongwi vichwa kwa nyundo kama ribiti. Hushikwa na gundi ya epoksi. Kati ya pembe na msuka hulazwa karatasi ngumu nyembamba, nayo hupokea mivutano hiyo.

Kulainisha hufanywa kwa mkono, msasa ukiloweshwa maji, kuanzia namba 220 hadi 2000. Maji hupoza, tena huzuia vumbi, ambalo ni hatari kwa mapafu. Barakoa ni lazima. Makali yenyewe hunolewa mwisho kabisa; hadi hapo bamba huwa limefungwa kwa utepe ili lisimkate mfanyakazi.

Hapa nina shauri ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda. Wengi hufunika kitako cha mpini kwa kofia ya shaba. Mimi naona kiachwe wazi. Pembe ikikatwa kwa kukingama huonyesha mistari inayopishana, iliyoelezwa na Mjerumani Schreger mwaka 1800. Karibu na gome, mistari ya mamothi hukutana kwa pembe kali, chini ya nyuzi 90. Ya tembo huzidi nyuzi 115. Ikiangukia katikati, haithibitishi lolote. Kitako kilicho wazi, chenye gome lake, humwezesha afisa wa forodha kuisoma mistari hiyo kwa lenzi ndogo.

Na haja ya kusoma ipo. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika ilipigwa marufuku kwa mkataba wa CITES kuanzia Januari 1990. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo hilo, na Julai 1989 Kenya ilikuwa imechoma tani 12 za pembe jijini Nairobi. Mamothi hakuguswa. Mwaka 2019, mjini Geneva, Israel ilipendekeza naye awekwe chini ya mkataba, kwa hofu kwamba pembe za tembo huuzwa kwa jina lake. Pendekezo likaondolewa, ukaagizwa uchunguzi. New York, New Jersey na California hazikusubiri: sheria zao hukataza kuuza hata ya mamothi. Kwa hiyo kisu kilicho halali jimbo moja kinaweza kumfikisha mwuzaji mahakamani jimbo la jirani. Anayejenga kisu cha namna hii na aweke risiti ya pembe tangu siku ya kuinunua, pamoja na picha ya kipande kabla hakijakatwa.

Wiki ijayo: ala ya ngozi, na kwa nini kisu hiki hakifai kuhifadhiwa ndani yake.