Mgodi wa risasi Mpanda ulifungwa, reli ikabaki kwa mkulima

MFANYABIASHARA wa Majengo, mjini Mpanda, anayepakia mpunga au karanga kwenye behewa kwenda Tabora, anatumia njia iliyojengwa kwa ajili ya mzigo mwingine kabisa. Mzigo huo ulikuwa mawe ya risasi, na mgodi ulioyatoa ulifungwa mwaka 1960.

Mgodi huo ni wa Mukwamba, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Katika miaka ya 1950 risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini yaliyoiingizia Tanganyika fedha za kigeni, pamoja na almasi ya Mwadui na dhahabu. Leo wakazi wengi wa Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, wanaifahamu Mpanda kwa mahindi, tumbaku na dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Miamba ya zamani

Mpanda imekaa juu ya ukanda wa miamba ambao wataalamu huuita Ubendi. Ukanda huo unafuata upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kuelekea Mbeya, na miamba yake ina umri wa takriban miaka bilioni mbili. Miamba hiyo ilikunjwa na kupasuka mara nyingi. Maji ya moto kutoka chini ya ardhi yalipita kwenye nyufa hizo yakiwa yamebeba madini, na yalipopoa yakayaacha humo. Ndiyo maana madini ya Mpanda hupatikana katika mikanda myembamba inayozama ardhini.

Jiwe lenye risasi huitwa galena. Linang'aa kama bati jipya na ni zito mara saba na nusu kuliko maji. Sehemu nyingi duniani galena huambatana na zinki. Mpanda iliambatana zaidi na shaba, fedha na dhahabu.

Reli ya kilomita 210

Risasi ni mali nzito yenye bei ndogo kwa kilo. Dhahabu ya mwezi mzima inaweza kubebwa kwenye sanduku moja, lakini risasi huhitaji mabehewa. Kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na bila reli nauli ingemeza faida yote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilijengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1950. Mawe yalisagwa na kuchenjuliwa mgodini, kisha mchanga wenye madini ukasafirishwa kwenda kuuzwa ng'ambo.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1957 na 1958 bei ya risasi ilianguka katika soko la dunia, na mwaka 1958 Marekani ikaweka kikomo kwa risasi na zinki zinazoingia nchini humo. Miaka miwili baadaye mgodi wa Mpanda ulifungwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ilikuwa na umri wa miaka kumi tu.

Lakini reli haikung'olewa. Kwa miongo mingi, masika yalipoharibu barabara ya vumbi, treni ndiyo iliyokuwa tegemeo la mkulima wa Mpanda kupeleka mazao Tabora na kurudi na mbolea, sabuni na mabati. Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022 tu. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Urithi wa pili

Mgeni huyo alionyesha pia jambo la kuchunga. Mpanda, dhahabu na risasi zinaweza kukaa katika mkanda mmoja wa mwamba. Anayesaga mawe kutafuta dhahabu anaweza kusaga risasi bila kujua.

Hatari yake ilionekana mwaka 2010 katika jimbo la Zamfara, Nigeria. Wanavijiji walisaga mawe ya dhahabu majumbani, wengine kwa mashine za kusagia nafaka. Mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi liliingia kwenye nyua, visima na chakula, na watoto zaidi ya 400 walifariki dunia. Huko Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini udongo wa makazi ya jirani bado una sumu.

Risasi haiozi, na kuchemsha maji hakuiondoi. Mtoto huathirika zaidi kwa kuwa hucheza chini na kuweka mikono mdomoni, na sumu hiyo hudhuru ubongo wake.

Kwa hiyo karasha liwe mbali na nyumba, kisima na bustani. Mashine ya unga isisage mawe hata siku moja. Mchimbaji abadili nguo na kuoga kabla ya kubeba mtoto. Mabaki ya uchenjuaji yasitumike kusawazisha uwanja wala kujengea, na mboga zisilimwe juu yake. Mwenye jiwe zito linalong'aa kama bati anaweza kupeleka sampuli kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, ajue lina nini kabla ya kulisaga.

Gharama ya kipimo hicho ni ndogo kuliko ya kumtibu mtoto. Na majibu yakionyesha kuwa jiwe lina fedha au shaba pamoja na dhahabu, mchimbaji atakwenda kwa mnunuzi akijua thamani ya mali yake.