Tuandike Wenyewe Habari Zetu

Mwezi wa Septemba mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukafuata njia ya reli hata ukaingia miji ya bara. Lilikuwa jambo kubwa katika historia ya wafanyakazi wa nchi hii. Lakini mtu akitaka leo kusoma habari zake, nyingi katika karatasi zilizohifadhiwa atakuta ziliandikwa na maofisa wa serikali ya kikoloni. Wao walikuwa na kalamu, na faili, na makabati ya kuzitunzia. Kuli alikuwa na kumbukumbu yake tu, na alipozikwa, ilizikwa pamoja naye. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Twaandika haya kwa sababu ya barua zinazofika mezani petu. Wanachama na wafanyakazi wengi hutuandikia, nasi twawashukuru. Lakini barua nyingi ni kilio, si habari. Mwenye kuandika husema kwamba hali ni mbaya na wakubwa hawajali, kisha hutia sahihi. Huenda kila neno ni kweli. Lakini mkubwa asiyetaka kusikia hujibu kwa urahisi kwamba hayo ni maneno matupu, na shauri huishia hapo.

Tuseme mfanyakazi ataka kueleza hatari ya mashine isiyo na kinga. Akiandika kwamba usalama kazini ni duni, msomaji haoni kitu. Na aandike hivi: Jumanne, saa tisa za usiku, ukanda wa mashine ulimshika mwenzetu mkono wa kushoto, kinga ilikuwa imeondolewa tangu mwezi uliotangulia, msimamizi aliarifiwa mara mbili, na aliyemwarifu yupo tayari kusema. Hapo hapana tusi wala kelele, lakini msomaji hawezi kuipindua karatasi ile akalala usingizi.

Simulizi ya namna hiyo hufuata kanuni chache. Kwanza, chagua tukio moja. Anayetaka kusimulia maisha yake yote katika kurasa mbili hasimulii lolote. Pili, jiulize tukio hilo laonyesha nini; lisiloonyesha neno hilo liache, hata kama lakupendeza. Tatu, panga mambo kwa taratibu: lililotangulia, lililofuata, na lililotokea kwa sababu ya lile. Nne, taja mtu, mahali, siku na saa. Tano, sema kweli yote, pamoja na kosa lako mwenyewe. Msomaji akigundua umelificha, hatakuamini tena hata pale ulipo na haki.

Marehemu Shaaban Robert alituachia mfano katika wasifu wa Siti binti Saad. Hakutosheka kusema kwamba mwimbaji yule alikuwa mtu mashuhuri. Alituonyesha binti wa Fumba aliyeuza vyungu, na kwa kuvijua vyungu twaipima safari ndefu aliyoikata hata sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri kule Bombay.

Kazi haiishi kwa rasimu ya kwanza. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba insha nzuri ni ile yenye maneno mazito na methali nyingi, nasi tukaiandika mara moja tu, kengele ikatukuta tumemaliza. Tulifundishwa nusu. Rasimu ya kwanza ni ubao uliotoka msumenoni; hakuna seremala aupelekaye sokoni kabla ya kuupiga randa. Iweke siku moja au mbili. Kisha msomee kwa sauti mwenzako ambaye hakuwapo. Akiuliza, "Nani huyo?" au "Ikawaje?", hapo pana pengo, liziba. Akipiga miayo, hapo pamezidi, pakate. Ndipo uandike upya.

Ndugu zetu wa matawi, wakati hautungoji. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile amekwisha kupita miaka 90 sasa. Pengine yupo mmoja mtaani kwenu, ameketi barazani, na hakuna aliyemwuliza neno. Kila tawi na limtume kijana mmoja mwenye daftari. Asimwulize mzee habari za ukombozi wa Afrika nzima. Amwulize ya siku moja tu: siku aliyochukua kadi yake, nani alimwandikisha, alikuwa na hofu gani, na nyumbani walisemaje. Aandike, asome, afute, aandike tena, kisha amsomee mzee mwenyewe asahihishe.

Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watatutafuta katika faili za watu wengine.