Kompyuta Inayokumbuka Siri za Mgonjwa

Sisi wauguzi hufundishwa tangu chuoni kwamba majibu ya maabara ni siri ya mgonjwa. Hatuyaachi mezani, wala hatuyasemi mbele ya jirani. Lakini siku hizi wako wanaoyasoma nyumbani kwenye kompyuta, na baadhi ya kompyuta hukumbuka mengi kuliko tunavyodhani.

Tarehe 20 Mei 2024 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza programu iitwayo Recall, kwa ajili ya kompyuta mpya za aina ya Copilot+. Kila baada ya sekunde chache hupiga picha ya yote yanayoonekana kwenye kioo. Akili bandia husoma maandishi yaliyomo, na mwenye kompyuta aweza kutafuta jambo aliloliona wiki zilizopita. Wataalamu wa usalama walilalamika, kwa kuwa picha hizo zilihifadhiwa kwa namna ambayo mwizi angezisoma bila taabu. Kampuni ikaahirisha, ikaongeza kinga, na ilipoitoa rasmi mwezi Aprili 2025 haiwaki mpaka mwenyewe akubali. Picha hubaki ndani ya kompyuta hiyo, hazipelekwi kwa kampuni. Tunalisema hili maana uvumi nao ni mwingi.

Hata hivyo wasiwasi wetu haujaisha. Programu hujitahidi kuruka maneno ya siri na namba za kadi za benki. Je, karatasi ya kipimo cha VVU? Je, barua ya dada anayekueleza kwamba mimba imeharibika? Kwa mashine hayo ni maandishi kama mengine. Tena dada huyo hakuulizwa. Uliyekubali ni wewe. Na pale nyumbani, anayeijua namba yako ya siri ya kufungulia kompyuta, awe mume, mke au mtoto, aweza kuzifikia picha hizo. Sisi tunaohudumia akina mama tunajua yanayompata mama ambaye siri yake imejulikana kabla hajawa tayari kuisema.

Kompyuta za zamani hazina programu hii. Mwenye mpya aingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, atazame kama Recall imewashwa. Aweza kuizima na kufuta picha zilizokwisha kupigwa. Wanaotumia Signal katika Windows 11 wana nafuu: tangu Mei 2025 programu hiyo huzuia mazungumzo yake yasipigwe picha. Kama kompyuta ni ya kuazima, majibu ya hospitali tusiyafungulie humo.