Gemu zauzwa, studio zafungwa

Septemba 29, 2025 kampuni ya Electronic Arts (EA) ya California ilitangaza kuwa imekubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 za Marekani. Hii ndiyo kampuni inayotengeneza gemu ya soka ambayo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi bado wanaiita FIFA, ingawa tangu mwaka 2023 inauzwa kwa jina la EA Sports FC. Wanunuzi ni watatu: Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia (PIF), kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake, na Affinity Partners ya Jared Kushner, mkwe wa Rais Donald Trump. Katika bilioni hizo 55, bilioni 20 ni mkopo ulioandaliwa na benki ya JPMorgan Chase. EA huingiza kama dola bilioni 7.5 kwa mwaka. Deni hilo peke yake linazidi mapato yake ya miaka miwili na nusu.

Mwenye kuitazama habari hiyo juu juu atasema biashara ya gemu imenona, na hatakuwa amekosea. Wachezaji duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya bilioni 3. Kampuni ya utafiti ya Newzoo inakadiria kuwa hutumia karibu dola bilioni 190 kwa mwaka, na karibu nusu ya fedha hizo hupitia kwenye simu. Lakini tangu mwaka 2023 sekta hiyohiyo imekuwa ikifunga studio na kuachisha watu kazi kwa maelfu. Soko halijafa. Gharama ndizo zilizoyaacha mapato nyuma, na mapato yenyewe yamebadili mikono.

Neema ya corona

Mwaka 2020 na 2021 watu walifungiwa majumbani, na gemu zikauzwa kuliko wakati wowote uliotangulia. Wakurugenzi wengi waliamini neema ile ni ya kudumu. Wakaajiri, wakakopa, wakanunua. Microsoft iliinunua ZeniMax, wamiliki wa studio ya Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Januari 2022 ikatangaza kuinunua Activision Blizzard, wenye Call of Duty, kwa bilioni 68.7. Embracer ya Sweden nayo ikawa inazoa studio huku na kule kwa makumi.

Kisha watu wakarudi kazini na shuleni, riba zikapanda, mauzo yakatulia. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mei 2023 Embracer ilitangaza kuwa mkataba wa dola bilioni 2 iliokuwa ikiutegemea umevunjika. Agosti mwaka huohuo ikaifunga Volition, studio ya Illinois iliyoanzishwa mwaka 1993 na kujulikana kwa gemu za Saints Row.

Mwaka 2024 ulifunguka kwa habari mbaya zaidi. Unity, ambayo programu zake hutumiwa na maelfu ya watengenezaji wadogo, ilitangaza kupunguza watu 1,800, robo ya wafanyakazi wake. Microsoft ilipunguza 1,900 katika kitengo chake cha gemu, miezi mitatu tu baada ya kukamilisha ununuzi wa Activision. Februari, Sony ikaondoa watu 900 na kuifunga studio yake ya London. Hata kazi iliyosifiwa haikuwa kinga. Tango Gameworks ya Japani, iliyotengeneza Hi-Fi Rush, ilitangaziwa kufungwa na Microsoft Mei 2024, na ikanusurika baada ya Krafton ya Korea Kusini kuichukua. Julai 2025 Microsoft ilipunguza tena watu wapatao 9,000 katika kampuni nzima. Safari hii gemu ya Perfect Dark ilifutwa, na studio ya The Initiative iliyoundwa mwaka 2018 ikafungwa kabla haijatoa gemu hata moja.

Hesabu iliyovuja

Kwa miaka mingi kampuni kubwa zilificha bajeti za gemu zao kama siri ya ndani. Juni 2023 pazia likafunuka kwa uzembe mdogo wa kiofisi. Katika kesi ya kupinga ununuzi wa Activision huko Marekani, Sony iliwasilisha mahakamani nyaraka ambazo tarakimu zake zilikuwa zimefutwa kwa kalamu ya wino mzito. Zilipopigwa skani, tarakimu zikasomeka chini ya wino. Dunia ikajua kuwa The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212 katika kazi ya miaka mitano.

Chukua karatasi upige hesabu. Gemu kubwa huuzwa dola 70. Mchapishaji asiye na duka lake mwenyewe humwachia mwenye duka asilimia 30, naye akabaki na dola 49. Ili kurudisha dola milioni 220 atahitaji kuuza karibu nakala milioni 4.5 kwa bei kamili, kabla ya kulipia tangazo hata moja. Gemu ikiuza milioni tatu, idadi ambayo zamani ingesherehekewa, ni hasara.

Hatari ya bajeti za namna hiyo ilionekana kwenye gemu ya Concord ya Sony. Ilitoka Agosti 23, 2024. Septemba 6, wiki mbili baadaye, ikaondolewa sokoni, wanunuzi wakarudishiwa fedha zao, na kabla mwezi Oktoba haujaisha studio ya Firewalk iliyoitengeneza ikawa imefungwa. Kazi ya miaka kadhaa ikaisha hivyo.

Ndiyo maana kampuni zinang'ang'ania majina yaliyokwisha kuthibitika. GTA V ilitoka mwaka 2013 na imeuza zaidi ya nakala milioni 200. GTA VI iliahirishwa kutoka 2025 hadi Mei 2026, kisha hadi Novemba 19, 2026, na wachapishaji wengine hupanga kalenda zao kwa kuikwepa.

Mteja alipishwa

Kampuni zilipobanwa, zilimgeukia mnunuzi. Zamani mashine ya gemu ilishuka bei kadiri ilivyozeeka. Sasa inapanda. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski ilianza kuuzwa dola 499 mwaka 2020; Agosti 2025 ilipandishwa nchini Marekani hadi dola 549. Microsoft ilipandisha bei ya Xbox mara mbili mwaka huohuo, na Oktoba ikaongeza usajili wa Game Pass Ultimate kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Ushuru wa forodha wa Marekani umechangia, sawa na kupanda kwa bei ya chipu za kumbukumbu, ambazo sasa zinagombewa na vituo vya akili bandia.

Hata hivyo, anayependa kitu hulipa. Nintendo Switch 2 iliingia sokoni Juni 5, 2025 kwa dola 449 na kuuza mashine milioni 3.5 katika siku nne za kwanza. Gemu yake ya Mario Kart World iliuzwa karibu dola 80, bei iliyolalamikiwa na wengi na kulipwa na wengi.

Wachache wanaovuna

Habari iliyowashangaza wengi mwaka 2025 ilitoka Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Sandfall Interactive, studio yenye kikosi cha watu wapatao 30 wakisaidiwa na mafundi wa nje, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33 mwezi Aprili kwa dola 50. Katika siku 33 iliuza nakala milioni 3.3, na Desemba ikanyakua tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards. Balatro, gemu ya karata iliyotengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ilipita nakala milioni 5 kabla ya kutimiza mwaka. Septemba 2025 Hollow Knight: Silksong, kazi ya kundi dogo la Team Cherry kutoka Adelaide, Australia, iliuzwa dola 20 tu, na siku ilipotoka wanunuzi walikuwa wengi kiasi cha kuyaelemea maduka ya mtandaoni.

Lakini tusidanganyike. Mwaka 2024 pekee zaidi ya gemu 18,000 ziliingia kwenye duka la Steam, na nyingi hazikumlipa mtengenezaji hata gharama za umeme. Jambo la pili husahauliwa: mwanzilishi wa Sandfall, Guillaume Broche, alipata uzoefu wake kwenye kampuni kubwa ya Ubisoft. Timu ndogo zinazong'ara leo mara nyingi zimejazwa na watu waliofunzwa kwenye nyumba kubwa. Nyumba hizo zikifunga milango, swali la nani atafundisha kizazi kijacho litakuja na bili yake.

Wenye mlango

Aliye na uhakika wa kupata, iwe gemu imeshinda au imeshindwa, ni mwenye duka. Steam huchukua asilimia 30 ya mauzo, kiwango kinachopungua gemu ikivuka dola milioni 10. Apple na Google nazo zilizoea asilimia 30, au 15 kwa wadogo. Epic Games, wenye Fortnite, waliamua kupigana. Aprili 30, 2025 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California alisema Apple ilikaidi kwa makusudi amri yake ya mwaka 2021 ya kuruhusu malipo nje ya duka lake. Apple ilikuwa imeruhusu, ila ikadai asilimia 27 ya malipo hayo. Mwezi uliofuata Fortnite ikarudi kwenye iPhone za Marekani baada ya kukosekana kwa karibu miaka mitano. Ubishi kuhusu ada iliyo ya haki bado haujaisha, na matokeo yake yatamgusa kila anayeuza gemu kwenye simu, popote alipo.

Soko lisilohesabiwa

Afrika Mashariki inaingiaje hapa? Ingia kwenye kibanda cha gemu cha mtaani. Utakuta runinga mbili, PlayStation 4 iliyotumika, pedi zilizofungwa kwa selotepu na benchi la vijana wanaosubiri zamu. Malipo ni kwa mechi. Aliyefungwa anaachia pedi. Mashine moja inahudumia makumi ya wachezaji kwa siku, na kwenye takwimu za dunia wote hao wanahesabiwa kama mteja mmoja, tena huenda wa mtumba. EA hupata karibu robo tatu ya mapato yake kutokana na huduma za mtandaoni, hasa vifurushi vya wachezaji ambavyo mtu hununua ndani ya gemu. Kibanda hakinunui vifurushi. Mara nyingi hakina hata intaneti.

Aliye na intaneti naye hukuta mlango umefungwa. Mei 2024 Sony iliwataka wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation Network. Huduma hiyo haitolewi rasmi katika nchi zaidi ya 170, Tanzania na Kenya zikiwemo. Gemu ikaondolewa kwenye mauzo katika nchi hizo, na baada ya siku chache za kelele Sony ikaachana na sharti la akaunti. Wachezaji wa huku hawakushangaa. Wamezoea kujiandikisha kama wakazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kununua vocha za nchi hizo kwa bei ya juu.

Pengo hilo la malipo ndilo biashara ya Carry1st ya Cape Town. Kampuni hiyo haikuanza kwa kushindana na Call of Duty. Ilijenga njia ya Mwafrika kulipia gemu kwa pesa za simu na kwa benki yake. Januari 2023 ilipata mtaji wa dola milioni 27, na mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji wa Sony ukaingia pia. Nchini Kenya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay imekuwepo tangu Juni 2022. Watengenezaji nao wapo: Leti Arts imekuwa ikifanya kazi kati ya Ghana na Kenya tangu 2009, na Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa gemu ya Aurion mwaka 2016.

Nini kifanyike

Kwa mwekezaji wa ukanda huu, somo la miaka mitatu liko wazi. Asithubutu kuiga bajeti za California wakati wenyewe zinawashinda. Aanzie kwenye simu ya bei nafuu, kwenye gemu isiyomaliza bando, kwa malipo madogo yanayokatwa kwenye pesa za simu, na kwa timu ambayo mishahara yake italipika hata gemu ya kwanza ikianguka.

Serikali nazo zina la kufanya. Tanzania imekuwa ikitoza kodi ya asilimia 2 kwa huduma za kidijitali za kampuni za nje tangu Julai 2022. Kodi hiyo ni halali, lakini kutoza bila kuotesha hakujengi sekta. Ufaransa hurudisha kupitia kodi hadi asilimia 30 ya gharama zinazostahili za kutengeneza gemu, na haikufika huko kwa bahati. Ni sera iliyoanza mwaka 2008 na kuboreshwa kwa miaka. Nchi zetu haziwezi kutoa kiasi hicho. Zinaweza kutenga sehemu ya kodi hiyo kwa ajili ya kuwafunza wachoraji, waandishi wa programu na watunzi wa muziki wa gemu, na kuzibana kampuni kubwa ziwatambue wateja wa Tanzania na Kenya kwa anwani zao halisi. Bila hayo, vijana wetu wataendelea kulipa kwa majina ya nchi nyingine, na fedha zao zitahesabiwa huko.