Kuuza Obokano kwa Mpigaji Mwenzako: Sauti Kwanza, Pesa Pili, Chombo Mwisho

Una obokano nyumbani ambayo haipigwi tena? Pengine umechongewa mpya na ile ya zamani inakaa tu kwenye kona. Pengine mzee wa boma amechoka vidole na anataka impate kijana atakayeipiga. Hapa Kisii na Nyamira mnunuzi anaweza kuwa mpigaji chipukizi, kikundi cha ngoma, au mwalimu anayetayarisha wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya. Kumpata ni kazi moja. Kazi ya pili ni kubadilishana chombo na pesa bila mmoja wenu kubaki akilia.

Kuuza obokano si kama kuuza simu ya mitumba. Obokano huchongwa kwa mkono, kwa hivyo hakuna mbili zinazolia sawasawa. Haina risiti wala namba ya kiwandani, na hakuna duka la kulinganisha bei. Ikiondoka na mtu asiyelipa, utaitambua kwa macho na masikio tu. Ndiyo maana tunakushauri ufuate mpangilio huu: sauti isikike, pesa ihakikishwe, halafu chombo kiondoke.

1. Hakikisha ni yako kuuza

Kisheria, anayeuza kitu lazima awe na haki ya kukiuza. Kama obokano ni ya marehemu baba, usiiuze kimyakimya. Sheria ya urithi ya Kenya hairuhusu mtu kujichukulia mali ya marehemu bila idhini. Ketini kama familia, mkubaliane na mpitie utaratibu wa urithi. Mnunuzi naye asione haya kuuliza, "Mzee, hii ni ya nani?" Swali hilo linaweza kumwepusha na kesi kwa chifu.

2. Mwache aisikie

Mpigaji hanunui mbao na ngozi, ananunua sauti. Mpe kiti kifupi aketi aipige, na mkague pamoja:

- Bakuli la mti: tafuteni nyufa na matundu ya wadudu.
- Ngozi: iwe imekazika, haijachanika pembeni. Kumbuka hii ni nchi ya mvua, na ngozi ikipata unyevu hulegea. Ukiuza wakati wa masika, ianike kwanza ndipo mnunuzi aje.
- Mikono miwili na mti wa juu: visicheze nyuzi zikivutwa.
- Nyuzi zote 8: kila moja ishike sauti baada ya kurekebishwa. Mpe dakika kumi za kupiga, kisha msikilize tena kama kuna iliyoshuka.

Kama mnunuzi yuko mbali, tuseme Nairobi, video ya WhatsApp haitoshi. Obokano ina sauti nzito, na spika ndogo ya simu humeza sauti nzito. Akusikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, au amtume jamaa anayejua kupiga aje aijaribu. Na kama kuna ufa, uonyeshe wewe mwenyewe kabla hajauona. Wapigaji wanajuana, na habari ya muuzaji mjanja husafiri haraka kuliko matatu ya Keroka.

3. Elewaneni bei yote

Semeni kila kitu mapema. Nyuzi za akiba zimo? Nani analipa usafiri? Na lile swali letu la kila siku: anaweka ya kutoa? Tuseme mmekubaliana 12,000. Kama ulitaka 12,000 kamili mkononi, sema wazi kwamba ada ya kutoa kwa wakala ni juu yake. Ugomvi mwingi wa pesa kidogo huanzia hapo.

Akitaka umwekee, chukua arbuni, ile wengi tunaita dipoziti. Ukiipokea, mwandikie ujumbe mfupi: "Nimepokea 3,000, arbuni ya obokano. Imebaki 9,000, mwisho Jumamosi. Usipokuja nitakurudishia 2,000." Masharti ni yenu, muhimu yaandikwe kabla pesa haijatumwa. Ujumbe huo ukiwa kwenye simu zote mbili, hakuna atakayesema alisahau.

4. Siku ya malipo

Kutaneni mchana, mahali penye watu na mtandao mzuri. Kwa wanaotumia M-Pesa:

- Mnunuzi asome jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha kutuma. Likiwa si la muuzaji, asitishe.
- Muuzaji, usiamini mesej unayoonyeshwa kwenye simu ya mwenzako. Ujumbe halisi unaingia kwenye simu yako, umetoka kwa "MPESA", si kwa namba ya kawaida.
- Hata huo, uthibitishe kwa salio. Piga *334# au fungua programu, uangalie kama pesa imeingia. Mesej inaweza kughushiwa, lakini salio utakaloangalia mwenyewe halighushiwi.
- Kama una deni la Fuliza, pesa ikiingia deni hukatwa kwanza. Usimgombeze mnunuzi kwamba ametuma pungufu kabla ya kusoma ujumbe wa makato.

Ukishaona salio, ndipo obokano inyanyuke. Wala si dharau kumwambia, "Ndugu yangu, ngoja kidogo niangalie." Mnunuzi mwenye nia njema atangoja.

5. Baada ya kuachana

Usifute ujumbe wa malipo. Namba ya muamala iliyo mwanzoni mwake ndiyo ushahidi wako. Andikeni pia karatasi ndogo: majina, tarehe, bei, hali ya chombo, na ufa kama upo. Pigeni picha ya obokano na wote wawili mbaki nayo.

Kwa nini yote haya? Aliyetuma kwa namba isiyo sahihi anaweza kuomba pesa irudishwe kwa kutuma ule ujumbe kwenda 456. Huduma hii imeokoa wengi, ila kuna wajanja hulipa, hubeba mali, kisha hudai walikosea namba. Ukiwa na karatasi, picha na zile jumbe za arbuni, una la kueleza. Ukiona dalili ya mchezo huo, piga 234 mara moja. Na mtu akikupigia akijifanya ni Safaricom, kumbuka kampuni hupigia wateja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hakuna anayepaswa kukuuliza PIN yako.

Kwa kifupi

Isikike, ilipwe, salio lionekane, kisha ibebwe. Ukifuata hayo, utalala ukijua pesa ni yako kweli, na obokano imeenda kwa mtu atakayeipiga. Una mpigaji kwenye kikundi chenu anayetaka kuuza yake? Mtumie makala haya kabla hajakutana na mnunuzi.