Kinachopasua Akriliki Si Leza, Ni Spiriti

Kibao cha jina kikirudishwa dukani kimejaa nyufa ndogondogo kwenye kingo, lawama ya kwanza hutupiwa plastiki: ni feki. Ya pili hutupiwa mashine: leza ilichoma kupita kiasi. Mara nyingi zote mbili hazina kosa. Kibao kilikatwa sawasawa, kikatolewa mezani kikiwa na ukungu mweupe pembeni mwa herufi, na fundi, kwa nia njema kabisa, akakipangusa kwa spiriti ili kimfikie mteja kikiwa kinang'aa. Kilipotoka dukani kilikuwa kimeshaumizwa tayari. Nyufa zilichelewa tu kuonekana.

Nimeona jambo hili likiharibu kazi nzuri sana, ngao za mahafali, vibao vya milango ya ofisi, masanduku ya kuonyeshea saa na vito, nalo linaniudhi kwa sababu dawa yake ni maji na sabuni.

Tuanze na huo ukungu wenyewe, maana wengi wanauita masizi, na si masizi. Leza iliyoko katika karakana nyingi za mabango ni ile ya kaboni dioksaidi, ambayo Kumar Patel aliibuni katika Maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Wimbi lake lina urefu wa mikromita 10.6 hivi, mbali sana na kile jicho linachoweza kuona. Akriliki safi hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga wa kawaida, lakini mwale huu haupiti: hunaswa wote kwenye tabaka jembamba la juu, nalo hupata joto ghafla. Mbao katika hali hiyo zingegeuka mkaa. Polikaboneti ingegeuka manjano, kisha kahawia. Akriliki haifanyi hivyo. Minyororo mirefu ya molekuli zake hukatika pingili moja baada ya nyingine, na kila pingili huruka ikiwa mvuke wa methili methakrileti, kimiminika kilekile ambacho mafundi wa meno bandia huchanganya na unga ili kutengeneza ufizi wa plastiki. Ndiyo maana aliyewahi kuingia karakana ya meno huitambua harufu ya leza ikikata akriliki hata akiwa amefumba macho.

Mvuke huo, pamoja na vipande vya minyororo ambavyo havikuwahi kukatika kabisa, hupoa njiani, hutua juu ya bamba na kuganda. Huo ndio ukungu mweupe. Kwa maneno mengine, uchafu ulio juu ya akriliki ni akriliki. Hapo ndipo mtego ulipo: kimiminika chochote chenye nguvu ya kuuyeyusha uchafu ule kitaligusa na bamba lenyewe, kwa kuwa ni mwili mmoja. Asetoni na tina huonyesha ukali wao papo hapo. Uso hunata, halafu hupauka, na vumbi lililokuwa limetulia juu hubandikwa ndani ya herufi zilizochongwa lisitoke tena. Spiriti inadanganya zaidi. Haiyeyushi akriliki mbele ya macho yako. Unafuta, inakauka, bamba linameta, unalifunga kwenye karatasi na kumpigia mteja simu.

Ili kuelewa kinachoendelea baada ya simu hiyo, lazima turudi kwenye ukingo uliokatwa. Mwale ulipopita, ukingo ulipanda joto kupita nyuzi 105 za Selsiasi, kiwango ambacho akriliki huacha ugumu wake na kulainika. Sehemu iliyolainika ilitaka kutanuka, lakini bamba baridi lililo nyuma yake halikuipa nafasi, ikajibana palepale ilipo. Muda mfupi baadaye ikapoa na kutaka kusinyaa. Safari hii pia bamba likaikatalia. Ukingo ukaganda ukiwa umevutwa, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, na unaweza kukaa hivyo miaka bila mtu kuugusa. Jicho halioni kitu. Ukingo wa leza humetameta, ni mzuri kuliko wa msumeno, na ndani ya uzuri huo mvutano umekaa unangoja. Wanaopitisha moto wa gesi kwenye ukingo ili ung'ae zaidi huongeza mvutano juu ya mvutano.

Molekuli za spiriti ni ndogo. Hupenya katikati ya minyororo ya akriliki na kulegeza mshikamano wake. Bamba lisilo na mvutano huvumilia: spiriti huvukiza, mambo yakaisha. Kwenye ukingo uliovutwa, minyororo iliyolegezwa huanza kuteleza, na vitundu vidogo mno hufunguka. Na hili ndilo linalonivutia kuliko yote: tunachokiona na kukiita ufa, mwanzoni si ufa. Ndani yake kuna nyuzi za akriliki, nyembamba kiasi kwamba hadubini ya shule haiwezi kuzionyesha, zimeunganisha upande mmoja na mwingine, na kati ya nyuzi hizo pana nafasi tupu. Bamba bado limejishikilia. Linaweza hata kubeba uzito. Mwanga ukigonga nafasi zile hutawanyika, ndiyo sababu ukikigeuzageuza kibao juani unaona mistari ya rangi ya fedha ikiwaka na kuzimika. Mistari hiyo huanzia ukingoni na kuelekea ndani, kwa kuwa mvutano umelala sambamba na ukingo, na mwanya hufunguka kwa kuukingama mvutano. Baadaye nyuzi hukatika, na hapo sasa ni ufa wa kweli. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika chache au wiki kadhaa, na hizo wiki ndizo zinazomfanya fundi aamini kwamba spiriti haihusiki.

Yapo mabamba yanayopasuka upesi kuliko mengine, na hapa nina neno na wauzaji. Akriliki ni za namna mbili. Ipo iliyomiminwa ikiwa kimiminika katikati ya vioo viwili ikagandia humo, na ipo iliyoyeyushwa na kusukumwa na mashine kupitia mwanya mrefu. Ya kumiminwa ina minyororo mirefu zaidi. Ukiichonga kwa leza, vipovu vidogo hujaa kwenye mchoro na herufi hutoka nyeupe zinazosomeka vizuri. Ya kusukumwa huyeyuka kwa urahisi, mchoro wake hubaki angavu usionekane, na hupasuka kwa spiriti haraka zaidi. Ni rahisi kwa bei, na kwa kazi nyingine inafaa kabisa. Kinachokera ni kuuziwa hiyo bila kuambiwa, kwa sababu kaunta nzima haijui tofauti. Mnunuzi aombe kipande kidogo, akichonge kabla ya kulipia bamba zima.

Usafi bora ni kutouacha ukungu utue. Karatasi ya kinga inayokuja na bamba isibanduliwe kabla ya kukata. Kwa kuchonga, karatasi ni bora kuliko nailoni, ambayo huyeyuka na kunasa kwenye kingo za herufi. Hewa ipulizwe penye mwale, na feni ivute moshi kutoka chini ya meza, si juu tu. Kama kinga imeshabanduliwa, wapo mafundi wanaopaka sabuni ya maji ya vyombo, tabaka jembamba kabisa, kisha wanachonga juu yake: vumbi hutua kwenye sabuni na kuondoka nayo. Ni mbinu ya bei ya chini na inafanya kazi.

Vumbi likiwa limeshatua, liondoshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni hiyohiyo. Maji yapite kwanza yenyewe, yabebe yanayobebeka, ndipo kitambaa laini cha pamba kifuate bila kukandamizwa. Ndani ya herufi tumia mswaki laini. Suuza, kausha kwa kugusagusa. Kusugua bamba kavu ni kosa la aina yake, kwani kunalipa chaji ya umeme tuli na vumbi la chumba kizima hulikimbilia, mbali na mikwaruzo. Gundi ya karatasi iliyong'ang'ania hutoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na mashine na moto, kisha sabuni mara moja. Watu hushangaa kusikia mafuta ya taa ni salama na spiriti si salama, lakini nguvu ya harufu si kipimo: molekuli za mafuta ya taa hazipatani na akriliki, hazipenyi kati ya minyororo yake. Petroli isidhaniwe kuwa ndugu yake katika hili, maana ina viungo vinavyopenya. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia nazo ziache kwenye vioo.

Kazi ikilazimu gundi ya kuyeyusha au rangi yenye tina, ondoa mvutano kwanza. Bamba huwekwa kwenye oveni ya umeme isiyopikiwa chakula, joto la nyuzi 80 hivi, kwa saa kadhaa kulingana na unene, kisha huachwa lipoe polepole humohumo ndani. Minyororo hupata nafasi ya kujipanga upya. Karakana chache hapa kwetu zina oveni ya namna hiyo, ilhali zina mashine ya leza ya mamilioni.

Haya yote ni ya akriliki. PVC isiingie kabisa kwenye leza, kwa kuwa moshi wake una asidi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma mapafu ya fundi na kuozesha reli na lenzi za mashine. Ukiwa na kipande usichokijua, nenda nje, pasha waya wa shaba hadi uwe mwekundu, uguse kipande, urudishe waya kwenye moto. Mwali wa kijani unaonyesha klorini.

Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, nchi nyingi zilipata somo hili la spiriti kwa wingi bila kulitambua. Kinga za akriliki zilisimamishwa kwenye kaunta za benki, maduka ya dawa na ofisi, zikatobolewa matundu ya skrubu, zikapuliziwa kitakasa chenye alkoholi mara nyingi kwa siku. Nyufa huanzia kwenye yale matundu, ambapo skrubu imebana na mvutano umekusanyika, na kutoka hapo hutambaa. Kinga ya namna hiyo ikishapauka huondolewa na kutupwa ikidhaniwa imezeeka.

Linaloniuma zaidi liko kwenye wodi za watoto njiti. Kifuniko angavu cha inkubeta kwa kawaida ni akriliki, na miongozo ya watengenezaji huonya kisipanguswe kwa alkoholi. Muuguzi amefundishwa kwamba spiriti ndiyo usafi, na kwa ngozi na sindano amefundishwa sawa. Inkubeta za msaada mara nyingine hufika bila mwongozo, au mwongozo hufungiwa kabatini kwa lugha asiyoisoma mtu wa usafi. Kifuniko kikijaa nyufa, vijidudu hupata pa kujificha, na mtoto haonekani vizuri kupitia humo. Mtu mmoja akikaa na wafanyakazi wa wodi kwa nusu saa, akabandika ukutani karatasi ya Kiswahili inayotaja dawa gani itumike na ipi isitumike, vifuniko vingi vitadumu. Hospitali hununua vifaa kwa fedha nyingi na kuvisahau siku ya pili; karatasi hiyo haihitaji zabuni.

Uzembe wa namna hiyo uko pia kwenye masalia ya akriliki katika karakana. Sifa ileile inayoifanya leza ikate akriliki vizuri ndiyo inayofanya iweze kurudishwa mwanzo: ipashe joto kali la kutosha pasipo moto na minyororo hujifungua yenyewe, ukapata tena kimiminika cha methili methakrileti cha kumiminia bamba jipya. Plastiki chache zina bahati hiyo. Viwanda vya kuirudisha vipo duniani, lakini vinataka masalia safi yasiyochanganyika na PVC. Karakana zetu hukusanya kila kitu kwenye pipa moja, kikaenda jalalani au kuchomwa nyuma ya duka, wakati kutenga makapu mawili hakugharimu kitu.

Nami naipenda plastiki hii kwa historia yake pia. Ilianza kuuzwa miaka ya 1930, Ujerumani kwa jina la Plexiglas kupitia kampuni ya Otto Röhm na Uingereza kwa jina la Perspex kupitia ICI, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza ikawa paa angavu la chumba cha rubani. Mapaa hayo yalipopigwa, vipande viliingia machoni mwa marubani. Daktari wa macho Harold Ridley aliona kwamba jicho linaweza kuvivumilia vipande hivyo bila kuvimba, na Novemba 1949 katika hospitali ya St Thomas' jijini London akaanza kumpachika mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya akriliki. Upasuaji wa mtoto wa jicho unaofanyika leo, hata kwenye kambi za macho za vijijini kwetu ambako lenzi ngumu za akriliki bado hutumika, umetoka hapo.

Matumizi mengine ni mengi: taa za nyuma za magari, kuta za matangi makubwa ya samaki, madirisha ya ndege ndogo, vioo vya saa za bei nafuu, vibao vya kuelekezea njia, meno bandia, na saruji ambayo madaktari hutumia kushikiza nyonga bandia kwenye mfupa.