Kulala Hemani Kando ya Ziwa la Mlimani

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, juu ya Chogoria, liko ziwa dogo liitwalo Ellis. Limo ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyowekwa mwaka 1949, mahali palipo juu ya msitu, penye nyasi ngumu na upepo mwingi. Jamaa za mjini hupenda kwenda huko na watoto wao, wakapiga hema na kutazama vilele vya mlima. Ni safari njema, lakini yataka maarifa.

Jambo la kwanza la kujua ni kimo. Ziwa hili lipo zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi: kila pumzi huleta kama theluthi mbili tu za hewa aipatayo mtu wa Mombasa. Mtu aondokaye Nairobi alfajiri aweza kufika ziwani kabla ya jua kuchwa. Gari limekwisha fika, lakini mwili wake bado haujazoea. Kwa sababu hiyo wengi huumwa kichwa, huona kichefuchefu, hukosa usingizi na kukataa chakula. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza maumivu yake hulia ovyo na kukataa kula.

Dawa kubwa ya maradhi haya ni kwenda pole pole. Yafaa jamaa walale usiku mmoja au miwili mahali pa chini kabla ya kupanda mpaka ziwani. Aliyekwisha kuumwa asipande zaidi, bali apumzike na kunywa maji. Akiwa hapati nafuu, ateremshwe. Na yeyote anayepepesuka, anayesema maneno yasiyo na maana, au anayetweta hali ameketi, ateremshwe mara hiyo hiyo, ijapokuwa ni usiku wa manane.

Jambo la pili ni baridi. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mchana jua laweza kuchoma ngozi, lakini usiku maji yaliyoachwa nje katika sufuria huweza kuganda. Hapana budi kila mtu awe na blanketi nzito, soksi kavu na kofia ya sufu, na kitu cha kutandika chini, maana ardhi huvuta joto la mwili. Nguo zilizolowa zibadilishwe kabla ya kulala.

Ni baridi hii iletayo hatari iliyo kubwa kuliko zote. Baba huwaona watoto wanatetemeka, naye kwa huruma huingiza jiko la makaa hemani na kufunga mlango. Makaa hayo, hata yasipotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Sumu hiyo huingia katika damu na kushika mahali pa hewa njema, na aliyelala hufa bila kuamka. Dalili yake ya kwanza ni kuumwa kichwa na kichefuchefu, sawasawa na maradhi ya kimo, hata mzazi aweza kudhani ni mlima tu. Kwa hiyo jiko lolote, liwe la makaa, la mafuta ya taa au la gesi, lisiwashwe hemani, wala makaa yanayofifia yasiingizwe humo. Atakaye joto na ajaze chupa maji ya moto, aifunge barabara, na kuiweka miguuni pa mtoto.

Katika upishi pia kimo kina neno lake. Maji huchemka huko kwa nyuzi 89 hivi, si 100 kama pwani. Ndiyo sababu maharagwe hukaa motoni saa nyingi bila kuiva. Afadhali yapikwe nyumbani kwanza, na mlimani yapashwe moto tu. Maji ya kunywa yaachwe yatokote kwa muda wa dakika tatu ndipo yatumiwe.

Jamaa wakishika mambo haya, asubuhi watafungua hema wote wakiwa wazima, na kuliona ziwa likimetameta chini ya vilele.